Maswali ya Wasomaji: Umbali na Muda wa Ndege Kati ya Kisiwa na Jiji

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: kisiwa fulani kiko mbali kiasi gani na jiji fulani, na ndege hutumia saa ngapi. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatamfaa hata msomaji asiyekwenda huko, kwa sababu hesabu ni ile ile popote palipo na bahari katikati.

SWALI: Nimetafuta umbali wa Honolulu, Hawaii, hadi Los Angeles. Mahali pamoja nimeona 4,110, pengine 2,555 na pengine 2,220. Ipi niiamini?

JIBU: Zote. Kilichotofautiana ni kipimo. Ya kwanza ni kilomita. Ya pili ni maili za nchi kavu, na kila moja ina kilomita 1.609. Ya tatu ni maili za baharini, zenye kilomita 1.852 kila moja, nazo ndizo zinazotumiwa na marubani na manahodha. Maili ya baharini ilitokana na umbo la dunia: ni karibu sawa na dakika moja ya latitudo, yaani sehemu moja ya sitini ya digrii. Kwa hiyo digrii moja ya latitudo ni maili 60 za baharini, au kilomita 111 na kidogo. Namba ya umbali isiyotajiwa kipimo iache, usiifanyie hesabu yoyote.

Hata ukishaweka kila kitu katika kilomita utaona tofauti ndogo ndogo. Tofauti ya kilomita tano au kumi kwenye safari ndefu hutokea kwa sababu wengine huihesabu dunia kama tufe kamili, na wengine huzingatia kwamba imebonyea kidogo kwenye ncha. Kosa la njia ya tufe kamili halizidi takriban nusu ya asilimia moja. Tofauti kubwa zaidi husababishwa na mahali hesabu ilipoanzia, katikati ya mji au uwanja wa ndege. Uwanja wa Keflavik, kwa mfano, uko karibu kilomita 50 kutoka katikati ya Reykjavik. Kwenye safari ya kilomita 4,000 hilo halisumbui. Lakini kutoka Zanzibar hadi Dar es Salaam, ambako viwanja viwili vimeachana kwa kilomita 73 tu, kosa la kilomita 10 ni kubwa.

Jambo moja zaidi: usipime kwa rula kwenye ramani ya ukutani. Ramani nyingi za dunia hunyoosha maeneo ya kaskazini na kusini, hivyo mstari ulionyooka juu ya karatasi si njia fupi. Njia fupi hufuata duara kuu la dunia. Ukitaka kuiona, vuta uzi juu ya tufe la darasani. Ukiihamishia kwenye ramani itapinda.

SWALI: Je, naweza kupata umbali huo mwenyewe kwa kikokotoo, bila kutegemea tovuti?

JIBU: Unaweza, na unahitaji namba nne tu: latitudo na longitudo za viwanja vyote viwili. Tuendelee na mfano ule ule. Uwanja wa Honolulu uko latitudo 21.32 kaskazini, longitudo 157.92 magharibi. Wa Los Angeles uko 33.94 kaskazini, 118.41 magharibi.

Kwanza tafuta tofauti ya longitudo: 157.92 kutoa 118.41 ni 39.51. Kisha tumia kanuni hii:

cos d = (sin A × sin B) + (cos A × cos B × cos L)

A na B ni latitudo mbili, L ni tofauti ya longitudo, na d ni pembe inayotenganisha sehemu hizo mbili ukizitazama kutoka kiini cha dunia. Sehemu ya kwanza ni 0.3636 × 0.5583, sawa na 0.2030. Ya pili ni 0.9316 × 0.8296 × 0.7715, sawa na 0.5963. Jumla ni 0.7993. Bonyeza kitufe cha kurudisha cos kuwa pembe, utapata digrii 36.94. Zidisha kwa 111.2, na jibu ni karibu kilomita 4,107. Kilomita chache zilizopungua ndizo zile za ncha zilizobonyea.

Wanaokosea hukosea mahali pale pale. Kosa la kwanza ni kikokotoo kuwekwa kwenye radiani badala ya digrii; programu za majedwali kwenye kompyuta hutumia radiani daima, kwa hiyo badilisha kwanza. La pili ni kuandika dakika kana kwamba ni desimali. Digrii 33 na dakika 56 si 33.56, gawanya 56 kwa 60, upate 33.93. Kosa hilo peke yake hukuhamisha kwa kilomita 40 hivi. La tatu ni alama: kusini na magharibi ni hasi. Sehemu moja ikiwa mashariki na nyingine magharibi ya Greenwich, longitudo hujumlishwa, hazitolewi. Jumla ikizidi 180, itoe kwenye 360, kwa maana njia fupi inapita upande wa pili wa dunia.

Kwa umbali mfupi, chini ya kilomita 800 hivi, iko njia nyepesi isiyohitaji kanuni ile. Chukua Malta na Roma. Uwanja wa Malta uko 35.86 kaskazini, 14.48 mashariki, wa Fiumicino, Roma, uko 41.80 kaskazini, 12.25 mashariki. Tofauti ya latitudo ni 5.94; zidisha kwa 111.2 upate kilomita 660.5. Tofauti ya longitudo ni 2.23, lakini digrii za longitudo husongamana kadiri unavyoiacha ikweta, kwa hiyo zidisha kwanza kwa cos ya latitudo ya katikati (38.83), ambayo ni 0.779, ndipo uzidishe kwa 111.2. Utapata 193. Sasa tumia kanuni ya Pythagoras: kipeo cha pili cha 660.5 jumlisha kipeo cha pili cha 193, tafuta kipeuo. Kilomita 688. Anayesahau kuzidisha kwa cos huongeza kilomita chache tu kwa Malta na Roma, kwa sababu safari hiyo karibu yote ni ya kaskazini na kusini. Kwa safari ya mashariki na magharibi kwenye latitudo hiyo angeongeza zaidi ya robo ya umbali wenyewe.

SWALI: Kutoka Jeju hadi Seoul ni kilomita 450. Ndege huenda zaidi ya kilomita 800 kwa saa. Kwa nini tiketi inasema saa 1 na dakika 10?

JIBU: Kwa sababu tiketi haihesabu muda wa kuwa angani peke yake. Inahesabu tangu ndege inapoanza kusogea kutoka maegesho hadi inaposimama kwenye maegesho ya upande wa pili. Ndani yake mna kuviringika hadi njia ya kurukia, kusubiri zamu, kupaa, kwenda, kushuka, kutua na kuviringika tena. Njia ya Jeju na uwanja wa Gimpo, Seoul, ndiyo inayobeba abiria wengi kuliko zote duniani, hivyo foleni ni sehemu ya safari. Juu ya hayo, mashirika huongeza dakika za akiba kwenye ratiba. Ndege nyingi hufika "mapema" kwa sababu hiyo, na katika takwimu za Marekani ndege haihesabiwi kuchelewa mpaka ipitwe na dakika 15.

Isitoshe, ile kasi ya kilomita 800 na zaidi hupatikana ndege ikiwa juu kabisa. Inapopanda na inaposhuka huenda polepole, na chini ya futi 10,000 kasi huwekewa kikomo katika nchi nyingi. Kwenye safari ya kilomita 450 ndege haikai juu kwa muda wa maana. Ikimaliza kupanda, haikawii kuanza kushuka.

Kanuni ya kukisia tunayoipendekeza ni hii: gawanya umbali kwa kasi ya ndege ikiwa juu, kisha ongeza dakika 35. Kwa ndege za jeti za kawaida, kama Airbus A320 au Boeing 737, tumia kilomita 830 hadi 840 kwa saa. Kwa jeti kubwa za safari ndefu tumia 900. Kwa ATR 72, ndege ya mapanga inayotumika sana visiwani, tumia 500. Kwa Cessna Caravan, yenye injini moja, tumia 300, lakini ongeza dakika 10 au 15 tu badala ya 35, maana hupaa chini na viwanja vyake havina msururu. Malta hadi Roma kwa jeti: 688 kugawanya kwa 830 ni dakika 50, jumlisha 35, ni saa 1 na dakika 25. Mji ukiwa na uwanja wenye msongamano, ongeza dakika 10 nyingine bila kusita.

Kabla ya kukisia, angalia aina ya ndege iliyoandikwa kwenye tiketi. Kilomita 450 hizo hizo zingechukua saa 1 na dakika 40 au 45 kwa Caravan.

SWALI: Kwenda Honolulu kutoka Los Angeles ni karibu saa 6, kurudi ni saa 5 na kidogo. Njia si ile ile?

JIBU: Ardhi ni ile ile, hewa ndiyo inayotembea. Ndege hushika kasi yake kulinganisha na hewa inayoizunguka, na hewa hiyo yenyewe husafiri. Katika latitudo za kati upepo wa juu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Anayekwenda Honolulu anakutana na upepo wa mbisho, anayerudi anasukumwa.

Ifanyie hesabu. Kasi ya ndege kwenye hewa iwe 840, upepo uwe kilomita 70 kwa saa. Kwenda: 840 kutoa 70 ni 770, 4,110 kugawanya kwa 770 ni saa 5 na dakika 20, ongeza 35, ni saa 5 na dakika 55. Kurudi: 910, saa 4 na dakika 31, ongeza 35, ni saa 5 na dakika 6. Upepo wa wastani tu umeleta tofauti ya dakika 49. Wakati wa majira ya baridi ya kaskazini mikondo ya upepo wa juu huimarika na inaweza kupita kilomita 200 kwa saa, ndipo wapangaji wa safari wanapoacha duara kuu na kuchagua njia ndefu zaidi kwa kilomita lakini fupi kwa saa.

Wengi hudhani upepo wa kwenda na wa kurudi hufutana. Haufutani. Bila upepo kwenda na kurudi kungechukua saa 9 na dakika 47 za kuwa juu. Kwa upepo huu ni saa 9 na dakika 51. Tofauti ni ndogo hapa, lakini hukua haraka upepo ukiongezeka, kwa sababu ndege hukaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo unaoizuia kuliko ndani ya ule unaoisaidia.

SWALI: Tiketi yangu inasema naondoka Honolulu 22:00 na kufika Los Angeles 05:15. Hizo ni saa 7 na robo. Mbona mnasema 5?

JIBU: Saa za tiketi ni za mahali ndege ilipo, si za abiria. Hawaii iko nyuma ya UTC, yaani saa ya marejeo ya dunia nzima, kwa saa 10 mwaka mzima. Los Angeles iko nyuma kwa saa 8 wakati wa baridi na saa 7 wakati wa kiangazi. Peleka zote UTC: 22:00 ongeza 10 ni 08:00 ya siku inayofuata. 05:15 ongeza 8 ni 13:15 ya siku hiyo hiyo. Tofauti ni saa 5 na dakika 15. Kiangazi, safari hiyo hiyo itaandikwa inafika 06:15, na muda haukubadilika hata dakika moja. Visiwa vingi vya tropiki havigeuzi saa kufuata majira, majiji mengi ya kaskazini hugeuza. Kwa hiyo usikariri tofauti ya saa, iangalie kwa tarehe ya safari yako.

Ukivuka mstari wa tarehe namba huwa za ajabu zaidi, lakini njia ni hiyo hiyo. Ndege ikiondoka Nadi, Fiji, saa 21:00 na kuruka kwa saa 10 na nusu, hufika Los Angeles wakati wa baridi saa 11:30 asubuhi ya tarehe ile ile iliyoondokea. Anayeelekea upande wa pili hupoteza siku nzima kwenye kalenda, na hapo ndipo watu wanapokata hoteli ya usiku usio wao.

Na usisahau kwamba saa za tiketi huanza kuhesabiwa usiku wa manane. 07:30 ni saa moja na nusu asubuhi. 19:30 ni saa moja na nusu jioni. Barua tatu za mwezi huu zilichanganya hizo mbili.

SWALI: Ndege yenye injini mbili inavukaje bahari kubwa? Injini moja ikizima katikati?

JIBU: Hubaki inaruka. Ndege ya abiria ya injini mbili imeundwa iweze kuendelea kwa injini moja, ila kwa kasi ndogo na chini zaidi. Suala ni umbali wa uwanja ulio karibu. Kanuni ya msingi kwa ndege za namna hiyo ni kutokuwa mbali zaidi ya dakika 60, kwa kasi ya injini moja, na uwanja unaofaa. Ndege na kampuni zikithibitishwa hupewa kibali cha kwenda mbali zaidi: dakika 120, 180, na siku hizi hata zaidi. Mwaka 1985 shirika la Marekani la TWA lilianza kuvuka Atlantiki kwa Boeing 767 chini ya kibali cha namna hiyo. Hawaii ilihitaji kile cha 180, kwa kuwa kati ya California na visiwa hivyo hakuna pa kutua. Kwa kasi ya injini moja ya kilomita 720 kwa saa, dakika 120 ni kilomita 1,440 tu, na katikati ya bahari ile pwani zote mbili ziko mbali kuliko hapo.

Rubani anajua kabla ya kuondoka ni wapi hasa kurudi kunakuwa kurefu kuliko kuendelea. Wengi hudhani ni nusu ya njia. Si kweli kukiwa na upepo. Zidisha umbali wote kwa kasi ya kurudi, gawanya kwa jumla ya kasi ya kwenda na kurudi. Kwa mfano wetu: 4,110 × 910 ÷ 1,680 ni kilomita 2,226 kutoka Los Angeles, ilhali nusu ya njia ni 2,055. Marubani huweka kwenye hesabu hiyo kasi za injini moja, lakini kanuni ni hii. Ndiyo sababu ndege iliyopita nusu ya safari inaweza kugeuka na kurudi ilikotoka, na abiria wakashangaa.

SWALI: Kwa nini baadhi ya ndege za visiwani huacha viti vitupu au mizigo ilhali watu wanataka kusafiri?

JIBU: Mafuta. Kwa safari ya kawaida ndege hubeba mafuta ya kufika, ya kwenda uwanja mbadala, na ya akiba ya mwisho ya dakika 30 kwa ndege za jeti. Kisiwa kilicho peke yake hakina uwanja mbadala. Kisiwa cha Pasaka kiko kilomita 3,750 kutoka Santiago, na uwanja mwingine, ule wa Mangareva upande wa magharibi, uko karibu kilomita 2,600. Kwa viwanja vya namna hiyo kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) hudai mafuta ya kuruka kwa takriban saa 2 juu ya yale ya kufika. Ndege hungoja kisiwa kifunguke mawingu, au hugeuka kabla ya kupita mahali ambapo kurudi hakuwezekani tena. Mafuta hayo ni tani kadhaa, na uzito wa kuondokea una kikomo. Kinachopunguzwa ni abiria na mizigo.

Njia ya kurukia yenye matatizo huleta tatizo hilo hilo kwa mlango mwingine. Kisiwa cha St Helena, kilomita 3,680 kutoka Johannesburg, kilitegemea meli mpaka safari za ndege za ratiba zilipoanza Oktoba 2017. Ufunguzi ulikuwa umeahirishwa mwaka 2016 kwa sababu ya upepo unaobadilika ghafla karibu na ncha ya njia ya kurukia, na ndege kubwa iliyokusudiwa ikaachwa, ikatumika Embraer ndogo zaidi, iliyotua Windhoek njiani. Kwa hiyo anayekisia safari hiyo kwa umbali ulionyooka atakosea kwa muda wote wa kutua, kujaza mafuta na kupaa tena. Tafuta kwanza kama ndege inapitia mahali.

SWALI: Kisiwa kikiwa karibu na jiji, je, ndege ina faida kuliko meli?

JIBU: Pima mlango kwa mlango. Chini ya kilomita 100, ndege hukaa hewani dakika 15 au 20, lakini kabla yake kuna barabara ya uwanjani, ukaguzi na kusubiri, na baadaye mizigo na barabara nyingine. Bandari mara nyingi iko mjini kabisa. Boti ya mwendo wa maili 30 za baharini kwa saa hukata kilomita 55, hivyo saa moja na nusu hadi mbili zinatosha, na jumla hukaribiana. Ndege hushinda unapounganisha na safari nyingine hapo hapo uwanjani, au bahari inapochafuka. Kwa ndege ndogo uliza mambo mawili: kikomo cha mizigo, ambacho ni kidogo na hupimwa pamoja na uzito wako, na kama kiwanja kina taa. Kisicho na taa hufungwa jua likizama, kwa hiyo ndege ya mwisho ikichelewa haiji tena siku hiyo.

SWALI: Nikifika jijini kutoka kisiwani, niache muda gani kabla ya ndege ya kuendelea?

JIBU: Tiketi zikiwa kwenye nambari moja ya uwekaji nafasi, muda wa chini uliowekwa na uwanja unatosha kisheria, na ukichelewa kampuni itakutafutia nyingine. Tiketi zikiwa mbili tofauti, hakuna anayewajibika kwako wala kukudhamini: acha saa 4 kama lazima uchukue begi na kulipeleka tena, zaidi kama unabadilisha uwanja ndani ya jiji lile lile. Kisiwa chenye ndege moja au mbili kwa wiki ni hesabu nyingine. Hapo lala usiku mmoja jijini wakati wa kwenda, kwa sababu ukiikosa ile ya kisiwani unasubiri siku, si saa. Wakati wa kurudi acha siku nzima, maana hali ya hewa ya kisiwani ndiyo inayoamua kama ndege itatua kukuchukua.